Moyo wa Kitanda cha Nne

Manesi wa wodi ya mahututi walikuwa wameifunika skrini ya kitanda cha nne kwa shuka, lakini shuka haizuii sauti. Tii. Tii. Tii. Kitanda chenyewe kilikuwa kitupu. Godoro lilikuwa limeshapigwa dawa, mto umeegemezwa ukutani, na zile nyaya zinazobandikwa kifuani mwa mgonjwa zilikuwa zimekunjwa juu ya kabati. Hazikuwa zimegusa ngozi ya mtu tangu Jumatano. Leo ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi, jua limejaa dirishani, na moyo wa mtu asiyekuwepo ulikuwa unadunda.

Inspekta aliinua pindo la shuka. Namba ya kijani ilisomeka 72.

"Sisi tunamwita Mgeni," alisema Sista, msimamizi wa wodi. Alikuwa amesimama hatua tatu nyuma na hakusogea. "Usinione mshamba, Afande. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na mbili, macho ya watu niliyoyafumba sina hesabu yake. Lakini huyu amenishinda. Nesi mmoja amekataa kupita upande huu. Mwingine akiingia zamu anamsalimia."

"Anamsalimia?"

"Anasema ni adabu tu."

Inspekta alivua saa yake ya mkononi, akaiweka kiganjani, akasikiliza dakika nzima. Sabini na mbili. Akasikiliza dakika nyingine. Sabini na mbili. Kisha akaweka vidole viwili shingoni mwake mwenyewe, akahesabu: themanini na moja. Akapumzika kidogo, akahesabu tena: sabini na nane. Namba zote nne akaziandika kwenye daftari lake dogo, kila moja mstari wake.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache, na hapo ndipo ilipomkera. Jumatano saa nane mchana, wakati wa kutazama wagonjwa, mzee mmoja mshonaji nguo alikufa katika kitanda hiki kwa kukosa hewa. Barakoa ya oksijeni ilikuwa usoni mwake, imekaa sawasawa, ila ndani yake hamkuwa na kitu kinachopita. Bomba la oksijeni la kila kitanda lina koki yake katika kisanduku kilichoko nje, ukutani mwa korido. Mtu aliifunga koki ya nne, akangoja, akaifungua tena akaenda zake. Daktari alisema yule mzee alikaa kama dakika kumi na moja amekufa kabla binti yake hajafika na kumshika mkono, akauona wa baridi. Dakika zote hizo skrini ilisema yu mzima. Kengele haikulia hata mara moja.

Skrini zote za wodi, pamoja na kengele, hupata habari zake kutoka kompyuta moja iliyoko ghorofa ya chini. Inspekta alikipiga lakiri chumba cha kompyuta hiyo Jumatano ileile, na mtaalamu wa polisi akanakili kila kilichomo kwenye diski. Mgeni alianza kusikika tangu saa hiyo, na hakunyamaza.

"Ufunguo wa kisanduku cha koki unakaa wapi?" aliuliza Inspekta, ingawa alishaambiwa.

"Kwenye msumari, nyuma ya meza yetu. Mtu yeyote anaweza kuuchukua. Najua watu wananinong'ona mimi, maana nilikuwa zamu."

"Wanakunong'ona wewe na yule kijana wa programu, aliyeiandikia ile kompyuta. Na huyu wa saba anaendeleaje?"

Ng'ambo ya chumba, katika kitanda cha saba, alilala mtu aliyefungwa bandeji kichwa kizima isipokuwa midomo na pua. Alikuwa nyapara wa ujenzi, wa lile ghorofa lililoporomoka wiki mbili zilizopita likaua watu tisa. Yeye peke yake ndiye aliyetolewa akiwa hai.

"Jana alitikisa midomo," alisema Sista. "Daktari anasema kesho keshokutwa ataongea."

Kabla Inspekta hajajibu, ngazi ya alumini iliingia mlangoni, na nyuma yake akaingia Fundi, mtu wa mitambo ya hospitali nzima: viyoyozi, lifti, taa, mabomba. Alikuwa mnene, mcheshi, na kila mtu pale alimzoea kama anavyozoea kiti. Mkononi alikuwa na barua ya mkurugenzi.

"Afande, nakuomba ruhusa nikamfukuze Mgeni. Siku ya nne hii anakula umeme wetu na hata chai hajatununulia."

Nesi mmoja alicheka. Barua ilisema wagonjwa wana hofu, ndugu zao wana hofu zaidi, na kwa kuwa polisi wameshachukua nakala, Fundi aruhusiwe kuingia chumba cha kompyuta kuizima na kuiwasha upya. Inspekta aliisoma mara mbili. Jumatano mchana Fundi alikuwa juu ya paa akitengeneza kiyoyozi. Watu wawili walimwona akipanda. Inspekta alitia saini nyuma ya barua.

"Saa sita, kwa saa moja tu. Konstebo wangu atakaa mlangoni."

"Nitamletea na kiti," alisema Fundi, akaondoka na ngazi yake.

*

Kijana wa programu alipewa ofisi chini ya ngazi kuu, chumba ambacho mtu mrefu hawezi kusimama wima. Wenzake walimwita Kimya. Alikuwa na miaka kama thelathini, macho mekundu, shati la juzi. Inspekta aliketi, akaweka diski ya ile nakala mezani, akawa bado hajafungua kinywa pale kijana aliposema:

"Ni mimi niliyemuua yule mzee, Afande."

Inspekta alifungua daftari. "Ulifunga koki?"

"Koki gani? Sijagusa koki. Nimemuua kwa programu."

"Basi nieleze polepole, kama unamweleza shangazi yako."

Kimya alijifuta uso. "Kila kitanda kinatuma habari: namba ya kitanda, mapigo ya moyo, pumzi. Haziji kwa mkupuo mmoja. Zinakuja kama maji ya bomba siku ya mgao, tone, tone, kisha furiko, kisha tone. Neno linaweza kukatika katikati, nusu ikaja sasa, nusu baadaye. Kwa hiyo nimeweka programu pale bombani, naiita kichambuzi. Nimeiandika kwa lugha ya C, kwa sababu ile kompyuta ni kuukuu na kumbukumbu yake ni finyu. Kichambuzi hakihifadhi kitu. Kinangoja mpaka neno litimie, halafu kinaita."

"Kinamwita nani?"

"Yeyote aliyejiandikisha. Tuseme wewe unataka mapigo ya moyo. Huna haja ya kuja kuniuliza kila sekunde, 'yamefika?' Unaniachia jina na anwani yako, unaenda kuendelea na shughuli zako. Yakifika, nakuita. Kengele imejiandikisha kwa mapigo ya moyo tu. Skrini zimejiandikisha. Kila mmoja ni kipande kidogo cha programu, tunakiita fanksheni. Na ukijiandikisha unaniachia na kifurushi."

"Cha nini?"

"Chochote. Mimi sikifungui. Ila kila nikikuita nakurudishia mkononi, ili ukumbuke ulitaka nini. Skrini ya kitanda cha tatu, kifurushi chake kina 'tatu'. Ukimaliza kazi unanijibu sifuri, nami naendelea. Ukinijibu moja, nasimama."

"Kosa lako liko wapi?"

"Ubaoni." Kijana alichora mstatili hewani. "Neno ninalokuitia nimeliandika ubaoni, na ubao ni mmoja. Ukilitaka, linakili kwenye karatasi yako kabla hujatoka. Ukitoka bila kunakili, ukajisemea 'jibu liko pale, kona ya kushoto', ukirudi utakuta nimeshafuta, nimeandika la mtu mwingine. Nimekaa siku tatu nafikiria. Nadhani fanksheni ya skrini haikunakili. Mzee amekufa, skrini ikawa inasoma moyo wa jirani yake na kuuita wake. Niliwaahidi madaktari kwamba jambo hilo haliwezekani. Sijalala, Afande."

Alisema hivyo akitazama mikono yake. Juu yao watu walikuwa wanapanda na kushuka ngazi, viatu vikigonga dari.

Inspekta alisogeza daftari mbele yake, akamwonyesha namba nne. "Hizi mbili za chini ni za moyo wangu mimi, nimekaa tu, sina mbio. Themanini na moja, sabini na nane. Hizi za juu ni za Mgeni. Nimeuliza manesi wa zamu zote: tangu Jumatano ni sabini na mbili. Si sabini na moja, si sabini na tatu. Kama skrini inaiba moyo wa jirani, nitajie jirani ambaye moyo wake haupandi wala haushuki siku tatu, anakohoa, anageuzwa, anachomwa sindano, uko palepale."

Kimya alivuta kompyuta yake na kuichomeka diski.

Kwa robo saa hakusema neno, na Inspekta alielewa jina lake lilikotoka. Mistari ya maandishi ilipanda kwenye kioo. Mara vidole vikasimama.

"Huyu simjui," alisema kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Hawa ndio waliojiandikisha kwa mapigo ya moyo. Kengele. Skrini. Na huyu, mbele yao wote." Aligusa kioo kwa ukucha. "Madaktari walilalamika kwamba mgonjwa akikohoa namba inaruka, kengele inalia bure. Nikaacha nafasi moja ya mchujo. Mchujo anaitwa wa kwanza, anaruhusiwa kuisahihisha namba, ndipo wengine waitwe. Ile nafasi ilikuwa tupu. Sasa ina mtu."

"Anafanya nini?"

Kimya alisoma, midomo ikicheza.

"Akiitwa, anafungua kifurushi chake. Kifurushi kina namba ya kitanda. Kitanda kikiwa si hicho, anajibu sifuri, mambo yanaendelea. Kikiwa ndicho, anafuta namba iliyokuja, anaandika sabini na mbili, halafu anajibu sifuri. Basi. Hata mgonjwa akiwa amekufa. Hata kitanda kikiwa kitupu. Nyaya zinatuma sifuri, yeye anasema sabini na mbili, kengele inaamini, skrini inaamini."

"Na hapo juu pameandikwaje?"

Kimya alimgeuzia kioo. Mstari wa kwanza wa faili ulikuwa na jina lake: *Imeandikwa na Kimya*.

"Naona," alisema Inspekta.

"Afande, sikuandika mimi."

"Jina ni lako. Kichambuzi ni chako. Nafasi ya mchujo uliiacha wewe. Nikikupeleka mbele ya hakimu sasa hivi, kuna nini cha kumwambia?"

Kijana alirudi kwenye faili, akalisoma upya kama mtu anayekagua mshono. Mara akacheka kicheko kifupi, kikavu, kisichokuwa na furaha.

"Anapokea vitu vitatu."

"Maana yake?"

"Zamani kichambuzi kilikuwa kinamkabidhi anayeitwa vitu vitatu: kifurushi chake, namba ya kitanda, na neno lenyewe. Lakini neno halina alama ya mwisho pale ubaoni, na kitanda cha kwanza kilikuwa kinachanganywa na cha kumi na mbili. Mwezi wa kwanza nikaongeza kitu cha nne, urefu wa neno, ili kila mmoja ajue linakoishia. Tangu siku hiyo hakuna fanksheni yangu hata moja yenye vitatu. Huyu amefuata sheria ya zamani. Tena ile programu inayogeuza maandishi kuwa lugha ya mashine ililalamika, ikamwambia hii hailingani. Tazama hapa, ameilazimisha inyamaze. Mimi ndiye niliyebadilisha sheria, Afande. Nisahauje?"

"Mtu mwenye akili anaweza kujisahaulisha makusudi ili aseme hivyo hivyo. Nipe kitu cha kushika mkononi. Sheria ya zamani iko wapi?"

"Nimeifuta kila mahali. Ila..." Aliinua kichwa. "Ilichapishwa kwenye karatasi mara moja tu. Kurasa sita, pamoja na mfano wa fanksheni, na jina langu juu ya huo mfano. Kuna mtu aliniomba. Alisema anataka kujifunza, umri umeenda lakini kichwa bado kinashika. Nilifurahi, maana hakuna aliyewahi kuniuliza ninafanya nini humu ndani. Amezibandika ukutani kwenye karakana yake, juu ya meza."

"Nani?"

"Fundi."

Inspekta hakuandika jina hilo. Alitazama saa. Ilikuwa saba kasoro dakika tano.

"Kifurushi kina kitanda gani?"

"Cha nne."

"Na faili limeandikwa lini?"

"Jumanne. Saa kumi na dakika nane jioni."

Alifungua mkoba, akatoa nakala ya daftari la wodi, akapitisha kidole kwenye mwandiko wa manesi. Jumatatu, mshonaji amelazwa. Jumanne, homa, dawa, sindano. Jumatano, saa mbili asubuhi, mstari mmoja uliobanwa pembeni: *k.4 na k.7 wamebadilishana*.

Aliusoma tena, safari hii kwa sauti.

"Jumanne jioni mshonaji hakuwa kitanda cha nne," alisema. "Alikuwa cha saba. Aliyekuwa cha nne ni nyapara."

Kimya alimtazama bila kuelewa.

"Muuaji alitega Jumanne, akafunga koki Jumatano. Koki iko nje koridoni. Hakuingia wodini, hakuona uso. Alijua namba tu. Mzee wa watu amekufa kwa..."

Simu yake ililia. Alikuwa Sista, na nyuma yake zilisikika sauti za manesi, wanacheka, mmoja anapiga makofi.

"Afande! Mgeni ameondoka! Yapata dakika kumi sasa. Kitanda cha nne kimesoma sifuri, kengele imelia kidogo, nimeizima. Fundi ametusaidia sana, Mungu ambariki. Nesi wangu ameshatoa na shuka."

Inspekta alisimama, kichwa kikagonga dari.

"Sista, cha saba kinasomaje?"

"Cha saba? Mzuri kabisa. Sabini na mbili."

"Endelea kuisoma. Usiondoe macho."

"Sabini na mbili." Tii. Tii. "Sabini na mbili." Vicheko nyuma vilikuwa vimekwisha. "Sabini na... Afande. Asubuhi alikuwa tisini na kitu, ana homa. Mbona haitikisiki?"

"Acha skrini. Mshike shingoni. Leta mtungi wa oksijeni wa magurudumu, usitumie ile ya ukutani. Kimbia!"

*

Korido ya wodi ya mahututi ilikuwa ndefu, imepakwa rangi ya maziwa, na saa saba mchana, kabla ya wakati wa kutazama wagonjwa, haikuwa na mtu. Mwisho wake ilisimama ngazi ya alumini. Kifuniko cha kisanduku cha koki kilikuwa wazi, na Fundi alikuwa amesimama mbele yake, mkono mmoja ndani, mwingine umeshika kitambaa, kama mtu anayefuta vumbi. Alikuwa anapiga mluzi taratibu.

"Toa mkono," alisema Inspekta. Pumzi ilikuwa imemkata. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya bastola kiunoni.

Mluzi ulikoma. "Afande umenishtua. Nasafisha tu, hizi koki zinashika kutu."

"Toa mkono, rudi nyuma, kaa chini."

Alitii bila haraka. Konstebo alitokea ngazini akihema, kijana wa programu nyuma yake. Inspekta alichungulia kisandukuni. Koki kumi na mbili zilikuwa zimepangwa, kila moja na namba yake ya chuma. Vishikio kumi na moja vililala sambamba na bomba. Cha saba kilikuwa kimekaa msalaba. Alikishika na kukigeuza, akasikia hewa ikikimbia ndani ya ukuta kama mtu anayevuta pumzi.

Wodini, Sista alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda cha saba, amemwekea nyapara mdomoni mfuko wa kupumulia, anaubana na kuuachia, anaubana na kuuachia, na nesi mmoja amekumbatia mtungi. Midomo ya yule mtu, iliyoonekana kupitia plastiki ya mfuko, ilikuwa ya rangi ya majivu. Na juu ya kichwa chake, ukutani, skrini ilikuwa tulivu kabisa. Kijani. Tii. Tii. Tii. Sabini na mbili.

"Zima hicho kitu," alisema Sista bila kugeuka.

Kimya alipanda kiti, akaung'oa waya ukutani. Ndipo chumba kikawa kimya kweli, na kila mtu akasikia mfuko ukibanwa. Nesi alikuwa na vidole viwili shingoni mwa nyapara. Alifumba macho.

"Haupo," alisema. Kisha: "Ngoja." Kisha, baada ya muda ambao Inspekta hakuweza baadaye kusema ulikuwa mrefu kiasi gani: "Upo. Mdogo. Upo, Sista, umerudi."

Waliuhesabu kwa saa ya Inspekta, kwa vidole, kwa sauti, kama zamani kabla ya mashine. Arobaini na nne. Hamsini na moja. Sitini na tatu. Ulikuwa unapanda ovyo, unarukaruka, na hakuna aliyewahi kusikia hesabu iliyopendeza hivyo.

Fundi alikuwa bado amekaa sakafuni koridoni, pingu mkononi, mgongo ukutani. Uso wake ulikuwa uleule wa kila siku. Hilo ndilo lililomfanya konstebo asimame mbali naye.

"Ghorofa lilijengwa na nani?" aliuliza Inspekta.

"Na mdogo wangu. Baba mmoja mama mmoja. Nyapara alimwambia nguzo hazijakauka, yeye akamlazimisha aendelee kumwaga zege la juu. Watu tisa. Akiamka atalisema hilo, na mdogo wangu ataozea jela. Ana watoto watano, Afande."

"Jumatano ulipanda paani watu wakakuona. Ulishukia wapi?"

"Ngazi ya dharura, ile ya nyuma. Hakuna anayeniangalia mimi nikiwa na ngazi begani."

"Na leo ulipoingia kule chini, konstebo wangu yuko mlangoni, ulibadilisha nini?"

"Namba moja tu. Nne nikaifanya saba."

"Ulijua lini kwamba umemuua mtu mwingine?"

Kwa mara ya kwanza Fundi alitazama pembeni. "Jioni ileile. Nilisikia manesi wanasema mshonaji amefariki. Nilidhani wamechanganya majina. Mimi sikumwona mtu, Afande. Sikusikia mtu akilia. Ilikuwa ni koki tu, unaigeuza, unahesabu dakika, unairudisha. Hata nyapara mwenyewe nisingemtambua."

Kimya, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa wodi na waya bado mkononi, alisema, "Uliniambia unataka kujifunza."

"Nilitaka kweli," alisema Fundi. "Unafundisha vizuri."

Kijana aligeuka, akarudi ndani.

*

Binti wa mshonaji alifika kituoni saa kumi jioni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka arobaini, amevaa gauni lililoshonwa na baba yake. Mishono ilikuwa midogo na minyoofu kama chapa. Inspekta alimkaribisha kiti, akamweleza yote kwa mpangilio, hakuruka kitu. Alimweleza na kuhusu barua ya mkurugenzi.

"Saini nyuma yake ni yangu. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango mara ya pili. Nimeshaliandika kwenye ripoti."

Binti aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anafikiria jambo jingine.

"Kwa hiyo baba hakuwa na ugomvi na mtu."

"Hakuwa. Aliyemfungia hewa hakujua hata jina lake."

"Alikuwa amelala tu mahali pa mtu mwingine."

"Ndiyo."

Nje ya dirisha askari wawili walikuwa wanasukuma gari lililokataa kuwaka, wanabishana nani asukume na nani akae usukani.

"Ni mimi niliyemwomba Sista baba abadilishwe kitanda," alisema binti. "Kitanda cha saba kilikuwa gizani. Baba alisema, mwanangu, nimefanya kazi dirishani maisha yangu yote, nisije nikafia kwenye kona. Yule mwingine macho yamefungwa bandeji, nikasema, yeye dirisha la nini? Jumatano asubuhi kabla ya kwenda shule nikapita kuomba. Sista alikuwa hataki. Nikambembeleza."

Inspekta aliweka kalamu chini. Maneno ya kawaida ya kituoni yalimjia, akayaacha.

"Wewe uliomba dirisha," alisema. "Aliyefunga koki ni mwingine."

"Najua." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikuyumba, ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kusema mbele ya darasa. "Lakini liandike, Afande. Andika kwamba nilimwomba mimi, na sababu yake. Watu wakisoma wasidhani ni Sista aliyekosea. Na wajue kwamba asubuhi ile baba alipata dirisha lake. Kwa saa sita nzima."

Inspekta alivuta karatasi safi, akaandika. Alipomaliza alimsomea taratibu, neno kwa neno, na palipokuwa na *niliomba* binti akasema pawe *nilimbembeleza*, naye akapasahihisha. Kisha akamgeuzia karatasi na kumpa kalamu, akamwonyesha pa kutia saini.